Aigues-Mortes si ukuta wa mfalme tu

Waulize waliofika Aigues-Mortes waliona nini. Wengi watakutajia ukuta na maji ya waridi. Siwalaumu. Mji huu mdogo wa kusini mwa Ufaransa, kwenye vinamasi vya Camargue, umezungukwa na ukuta wa mawe wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na bado umesimama imara. Nje yake, mashamba ya chumvi hugeuka waridi wakati wa kiangazi kwa sababu ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, na heroe hupata humo chakula chao. Picha zinapendeza kweli. Lakini anayeondoka na picha hizo tu ameupunja mji huu haki yake.

Habari za mfalme hazihitaji maneno mengi. Louis wa Tisa alitaka bandari yake mwenyewe kwenye Mediterania, akaijenga hapa. Mwaka 1248 aling'oa nanga kwenda kupigana vita vya msalaba Misri, akaishia kutekwa; mwaka 1270 akaondoka tena, akafia Tunis. Ukuta ulijengwa na mwanawe na mjukuu wake. Baadaye mchanga ulijaa kwenye njia za maji na biashara ikahamia kwingine. Sanamu ya Louis imesimama uwanjani katikati ya mji, na wageni hawaishi kupiga picha mbele yake.

Mimi ningekushauri uanze na Mnara wa Constance. Kuta zake zina unene wa mita 6. Humo ndimo walimofungwa wanawake Waprotestanti katika karne ya 18, baada ya wafalme kupiga marufuku dini yao. Marie Durand aliingizwa mwaka 1730 akiwa na umri wa miaka 19. Kaka yake alikuwa mchungaji. Kutoka kulihitaji jambo moja tu: aikane imani yake. Hakuikana. Alitoka mwaka 1768, baada ya miaka 38. Kwenye jiwe la ukingo wa tundu lililo katikati ya sakafu ya chumba cha juu kumechongwa neno la kuhimizana wasisalimu amri, na kwa mapokeo inasemekana ni mkono wake. Herufi zenyewe hazina mapambo wala hazijanyooka. Inama uzitazame vizuri kabla hujatoka.

Kisha nenda kwenye chumvi. Mtu wa Gongoni au Malindi hahitaji kuelezwa kazi hii: maji ya bahari yanafungiwa, jua linayakausha, halafu watu wanaikusanya chumvi kwa mgongo uliopinda. Agosti 1893 kampuni ya chumvi iliajiri vibarua Wafaransa na Waitaliano wakati kazi zilikuwa adimu, ikawachanganya kwenye vikundi vya malipo kwa kipimo cha kazi. Tarehe 16 ugomvi ukazuka. Mjini ukaenea uvumi kwamba Waitaliano wameua Wafaransa, jambo ambalo halikuwa kweli. Kesho yake umati ukawawinda Waitaliano kwa marungu na mawe, hata walipokuwa wakisindikizwa na askari. Hesabu ya serikali ilitaja Waitaliano 8 waliouawa. Washtakiwa walifikishwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama huko Angoulême, wote wakaachiwa huru.

Hilo ndilo linalonikera ninapoona matangazo ya safari yakisifu "chumvi ya waridi" bila neno hata moja juu ya waliokufa wakiivuna. Uvumi juu ya wageni, ajira chache, mwajiri anayewapambanisha maskini kwa maskini: nani kati yetu hajasikia habari kama hiyo, tena si zamani?

Treni inatoka Nîmes hadi Aigues-Mortes kwenyewe. Ukipanda kigari cha watalii kinachozunguka mashamba ya chumvi, na mwongozaji akimaliza kueleza habari za mwani na heroe, muulize juu ya Agosti 1893.