Watu Kumi na Wanne, Ludo ya Watu Wanne

Sikukuu ikiangukia siku ya mvua, watu wote wanahamia sebuleni. Wazee watatu, watu wazima watano, vijana wanne, watoto wawili: jumla 14. Pilau imeshashuka, mazungumzo yameshafika kwenye "na wewe utaoa lini", na hapo lazima atokee mmoja wa kusema, "Jamani tucheze kitu." Kisha anatoa ludo. Ludo ya watu wanne! Hao kumi waliobaki ni mapazia?

Halafu tuulizane, nani aliamua kwamba ludo ni mchezo wa kuchangamsha watu? Kete haitoki nyumbani mpaka dadu iseme sita. Piga hesabu: katika kila watu sita watakaorusha mara kumi, mmoja hivi atamaliza hizo kumi bila kuiona sita hata kwa dawa. Na huyo mmoja ni shangazi. Shangazi wa watu kavaa doti mpya, kakaa mkekani tangu saa nane, kazi yake kutikisa kikombe tu kama muuza kahawa.

Mkiwa hamna budi na ludo, ipunguzeni makali. Sita itoe, na moja itoe. Kila mtu aanze na kete moja ikiwa imeshatoka, na kete ziwe mbili badala ya nne, la sivyo mtaanza asubuhi mkamalizie kwenye chai ya jioni. Wachezaji wawe wanane, wawili wawili: mmoja anarusha, mwenzake anasogeza. Dadu irushwe ndani ya sahani ya bati, maana ikipata sakafu tu inakimbilia chini ya kochi, na atakayeinama kuitafuta atarudi anaapa ilikuwa sita. Iliyotoka nje ya sahani irushwe upya, hakuna ushahidi wa mtu aliyeinama. Kete iliyopotea weka kifungo cha shati. Usiweke kizibo cha soda, kinameza nyumba nzima watu wakashindwa kujua kimesimama wapi. Usiweke punje ya hindi, mtoto ataitafuna ikiwa imebakiza hatua tatu kufika.

Sasa vijana watasema tuwekee Uno, ule mchezo wa karata, hiyo ni ya wengi. Kweli ni ya wengi, lakini wengi wana mwisho. Karata za bunda la kawaida ni 108. Watu kumi mkigawiana saba saba zimeondoka 70, zimebaki 38, mchezo unakwenda. Watu 14 mkigawiana saba saba zimeondoka 98. Zinabaki kumi! Wa kwanza akipigwa nne, yaani achukue karata nne, na wa pili akipigwa nne, bunda limekaribia kwisha na mchezo wenyewe haujapata joto. Wagawieni tano tano, au tafuteni bunda la pili.

Na kabla hamjagawa, malizeni kesi ya kupandisha. Sheria ya mchezo ni kwamba ukipigwa mbili unachukua mbili na zamu imekupita, basi. Huruhusiwi kuweka mbili juu ya mbili ukamsukumia jirani. Mattel, wenye Uno yao, walisema hadharani mwaka 2019 kwamba ukipigwa nne huwezi kupandisha mbili juu yake ili jirani achukue sita. Taarifa hiyo sebuleni kwetu haijafika. Kwetu tunapandisha, kila mtu ana "kwetu" yake, na kwa kuwa bunda lina karata nne za kuchukua nne, mzigo wake ukifika mwisho ni karata 16. Zitamwangukia nani? Bibi, aliyekuwa kabakiza moja na keshatangaza "Uno!" Bibi wa watu anashika karata 17 kwa mikono miwili kama anaosha sahani, na mjukuu aliyemfanyia hivyo anataka nauli ya kurudi chuo!

Keram, ile ya kusukuma kete mashimoni kwa kidole, ndiyo mchezo wa sebule yenye heshima, ila waandaeni watu na ubao. Kete 9 nyeupe, 9 nyeusi na nyekundu moja. Zihesabuni kabla, si baada ya kugombana. Wekeni gololi katikati ya ubao: ikitembea, ubao umelala upande, kunjeni kipande cha boksi mkiingize chini ya kona inakokwenda. Na poda! Kuna watu wanamwaga unga wa ngano. Jamani, unga na jasho la mikono na unyevu wa mvua ni chapati hiyo, kete inanata njiani kama gari kwenye tope. Wekeni poda ya keram, kidogo tu, muisambaze kwa kiganja. Kisha mnawe mikono kabla ya kugusa sambusa, maana nyingi ni asidi ya boriki na si ya kula. Sahani ya sambusa ikae chumba kingine. Ndiyo, najua, hapo nusu ya wachezaji watahama nayo.

Dhumna haina shida, ina kelele. Vipande 28, saba kwa kila mtu mkicheza wanne, na kila namba iko kwenye vipande saba, kwa hiyo kilichopotea kinajulikana kwa dakika moja. Tandikeni blanketi juu ya meza, kwa sababu mjomba hawezi kuweka kipande, lazima akipigilie. Bao nalo ni la wawili, mashimo 32, kete 64. Lakini hapo watazamaji hawakai bure: wachezaji wawili wanasogeza kete, watu kumi wanawaambia wamekosea wapi. Wazee wapeni bao mapema, mtapata utulivu mpaka magharibi.

Ila haya yote ni mpaka umeme ukatike, na siku ya mvua utakatika. Hapo hakuna ludo wala keram, kuna babu na sauti yake gizani: "Kitendawili!" Tega. "Kuku wangu katagia mibani." Watoto watasema tai, watasema kware, kijana wa chuo atataka kutafuta kwenye simu, simu zikusanywe kabisa kwenye ungo. Mkishindwa, mpeni mji. Na babu hapokei mji wowote tu. Mkimpa Chalinze anasema amepita juzi, hauna parking. Mkimpa Tanga anauliza bandari imo au haimo. Anapewa Dar es Salaam nzima na Kigamboni juu, anakunywa maji, anakohoa, ndipo anasema: nanasi.

Watu wote 14 wamecheza, shangazi kajibu vitatu. Dadu itaonekana kesho wakati wa kufagia, chini ya kochi, imelala na sita juu.