Hakuho 45, Taiho 32: mbona hesabu haijaisha hapo

Mashindano ya sumo, ile mieleka ya Kijapani, yakiwa yanaendelea kule Japan, kwa saa zetu za Afrika Mashariki mapambano ya daraja la juu yanaanza kama saa nne asubuhi yanaisha saa sita mchana, na mkikaa watu watatu mnaofuatilia lazima mtaishia kwenye swali lile lile, nani mkubwa wa wakati wote. Wengi wanafunga kesi kwa namba mbili tu za mabingwa wawili wa zamani, Hakuho ana makombe 45 Taiho 32, basi. Mimi mwenyewe niko kwa Hakuho, ila hiyo sababu naona ndo dhaifu kuliko zote.

Kwanza kwa ambaye hajazoea: kuna mashindano sita kwa mwaka, siku 15 kila moja, na mwanamieleka wa daraja la juu anapigana mara moja kwa siku. Juu kabisa kuna yokozuna, chini yake ozeki. Ozeki akifanya vibaya anashushwa cheo, yokozuna hashushwi, yeye akiona kiwango kimeisha anatakiwa astaafu. Kwaiyo kila shindano analoingia yokozuna ni mtihani, na hata akiwa anaumwa akakaa nje bado linahesabiwa kwenye jina lake.

Sasa hapo ndo panapovutia. Hakuho alikaa kwenye cheo cha yokozuna mashindano 84, toka Julai 2007 mpaka Septemba 2021, na kati ya makombe yake 45 matatu alichukua akiwa bado ozeki, yani akiwa yokozuna ni 42. Arobaini na mbili kwenye 84, nusu kamili. Taiho nae alikuwa yokozuna mashindano 58, toka Novemba 1961 hadi Mei 1971, na kwenye zile 32 zake toa tatu za kabla ya cheo zinabaki 29. Ishirini na tisa kwenye 58, nusu kamili pia! Nilirudia hiyo hesabu mara mbili maana sikuamini. Maana yake ni kwamba kwa kasi ya kushinda hawa watu wawili wako sawasawa kabisa, tofauti ni kwamba mmoja alidumu miaka 14 kileleni na mwingine chini ya kumi.

Watu wa Taiho wanasema basi kumbe ni umri tu, tena wanaongeza kuwa Hakuho alikosa mpinzani, na hapo hawajakosea sana, Asashoryu alistaafu Februari 2010 na mpaka Harumafuji anapanda cheo baada ya Septemba 2012 Hakuho alikuwa yokozuna peke yake. Lakini Taiho nae mpinzani wake mkubwa Kashiwado, waliopanda wote pamoja 1961, alimaliza na makombe matano tu. Kwaiyo hoja ya wapinzani inakata kote kote. Na kudumu kwenye sumo sio zawadi jamani, magoti yanakwisha, migongo inakwisha, vijana wa miaka 20 wanakuja kila mwaka wana kilo 150 na zaidi wanataka kichwa chako. Halafu kuna ile ya kumaliza shindano bila kufungwa hata mara moja, Hakuho kafanya mara 16, Taiho mara 8. Hapo kwangu ndo pana uzito kuliko 45.

Ila kuna jina la tatu ambalo haliwezi kuachwa, Futabayama. Toka Januari 1936 mpaka Januari 1939 alishinda mapambano 69 mfululizo, alianza msururu huo akiwa na cheo cha kawaida tu cha maegashira akaumaliza akiwa yokozuna, na jicho lake la kulia lilikuwa halioni toka utotoni. Hakuho alimkaribia 2010 akafika 63, akafungwa na Kisenosato Novemba hiyo hiyo. Ipi ngumu? Zama za Futabayama kulikuwa na mashindano mawili tu kwa mwaka kwaiyo 69 zilimchukua miaka mitatu, ana muda wa kupumzika lakini pia miaka mitatu nchi nzima inamsubiri aanguke. Hakuho alipiga 63 ndani ya miezi kumi, bila pumzi. Mimi hapa bado nampa Futabayama, rekodi ni rekodi mpaka ivunjwe, na Hakuho mwenyewe alikuwa anamsoma mzee huyo kama mwalimu.

Hoja nzito ya upande wa pili kwa kweli sio namba, ni hadhi. Yokozuna kule anatakiwa awe na utu kama alivyo na nguvu, na Hakuho miaka yake ya mwisho alikuwa anaanza pambano kwa kibao cha uso halafu kiwiko, mpaka baraza linalopendekeza mayokozuna likamlalamikia hadharani 2017. Kwangu hiyo sio kesi kubwa, kibao na kiwiko ni halali kwenye sheria zao, kama chama hakivitaki kingevikataza kwa wote. Kinachoniuma ni kingine. Machi 1969 Taiho akiwa ameshinda 45 mfululizo alipewa kushindwa na Toda wakati mguu wa Toda ulitoka nje ya ulingo kwanza, na anayetoka kwanza ndo anashindwa, refa alimpa Taiho ila majaji wakapindua, na yeye hakuwalaumu, alisema kosa ni lake kwa kupigana vibaya mpaka ikafika pale. Shindano lililofuata majaji wakaanza kutumia video. Januari 2015 Hakuho anavuka 32 za huyo huyo Taiho, anapata ya 33 bila kufungwa, alafu kwenye mkutano na waandishi anawashambulia majaji kwa sababu waliamuru pambano lake moja lirudiwe, na hata liliporudiwa alishinda! Baadaye aliomba radhi, sawa, ila siku ile ilikuwa ya Taiho pia.

Bado naenda na Hakuho. Julai 2021 kule Nagoya, miaka 36, goti limetoka kufanyiwa upasuaji, siku ya mwisho anakutana na ozeki Terunofuji wote wawili wana 14 bila kufungwa. Akaingia na kiwiko, akapiga vibao, akavuta mkono akamwangusha, akanguruma na ngumi juu. Baraza likamkosoa tena. Hakupigana tena baada ya hapo, na kwenye karatasi shindano lake la mwisho kuingia ulingoni linasomeka 15 kwa 0.