Ndiyo, Lile ni Tairi

Ndiyo, yule kwenye video inayosambaa, aliyekumbatia kitu ubavuni mwa boti, ni mimi. Ndiyo, lile ni tairi. Na hapana, sikulibusu. Hiyo ni chumvi ya Mhasibu wa ofisini kwetu, aliyenirekodi, maana mtu akishapata video ya sekunde 38 hakosi la kuongezea. Jana usiku shangazi yangu wa Lamu, ambaye kwenye simu yake hupitisha salamu za Ijumaa tu, amenipigia kwa sauti ya msibani: "Baba, hivi siku ile ulikuwa umekula nini?" Sasa kwa kuwa mashtaka yamefika hadi Lamu, acheni na mshtakiwa naye ajitetee.

Chanzo ni video nyingine kabisa. Nilikuwa nimelala na simu usoni, usingizi hauji, mara nikakutana na nyangumi wa Mexico. Kule Baja California kuna ghuba iliyojificha, inaitwa Laguna San Ignacio, ambako nyangumi wa kijivu huja kila mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, kuzaa na kulea. Na wanajileta wenyewe kwenye boti! Mama anamsukuma mtoto kwa pua, kama mzazi anayemtoa mwanawe nyuma ya pazia aje aamkie wageni. Watalii wanamkuna kichwa. Wengine wanalia.

Nikasoma mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe wawindaji wa zamani waliwaita samaki shetani, kwa jinsi mama alivyokuwa akivunja mashua zao akimtetea mtoto. Wavuvi wa pale nao walikuwa wakiwaona wanakaa mbali, mpaka mwaka 1972, nyangumi mmoja alipomfuata mvuvi aliyeitwa Francisco Mayoral, akawa anajisugua kwenye chombo chake. Mzee wa watu akatetemeka weee, mwisho akanyosha mkono akamgusa. Tangu hapo ni udugu. Kilichonishtua ni kimoja tu: kila mahali wameandika kwamba watalii huwaendea nyangumi na panga. Niliweka simu chini kwanza. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba panga kwao ni aina ya boti.

Nauli ya Mexico sina. Lakini si tuna Watamu, kule Kilifi? Kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wa nundu hupanda kutoka Antaktika hadi pwani yetu, kuzaa na kutafuta wachumba. Kabla ya saa nne nilikuwa nimefungua kundi la WhatsApp, "Nyangumi Uso kwa Uso", nimeingiza wenzangu sita wa ofisini, nimebandika ile video ya Mexico, na chini yake nimeandika maneno mawili ambayo Mhasibu ameyahifadhi kama risiti: "Hawa tutawashika."

Hapa inabidi nikiri jambo. Ofisini Nairobi jina langu ni Mpwani. Samaki akiletwa mezani mimi ndiye ninayeulizwa ni samaki gani, na mimi hujibu hata nisipojua. (Nguru. Kila mara nguru.) Miaka saba watu wameamini nilizaliwa ndani ya dau. Ukweli ni kwamba chombo pekee nilichowahi kupanda ni feri ya Likoni, na hata humo husimama katikati.

Basi Mpwani akapanga safari. Nilitengeneza jedwali lenye rangi. Saa 12:00 kuondoka. Saa 1:30 kufika maji makuu. Saa 3:00 kumshika nyangumi. Saa 3:30 chai. Mnaona? Nilimtengea nyangumi nusu saa, kama mgonjwa wa kliniki. Kisha nikampigia nahodha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nyangumi wenu ni wapole?"

"Wapole, lakini wana shughuli zao."

"Watakuja karibu?"

"Wakipenda." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, unajua lakini kwamba huu ni wakati wa kusi?"

Nikacheka kicheko cha mwenye mji. "Kusi naijua mzee, mimi mtoto wa Mombasa." Nikakata simu, nikaandika kundini: "Nahodha amethibitisha ni wapole."

Mzee alikuwa ananitupia kamba, mimi nikaikata. Nyangumi wa Mexico wanakaa ndani ya ghuba, maji yametulia kama ya kwenye karai. Wa kwetu wanakuja miezi ile ile ambayo kusi, upepo unaochafua bahari, inavuma, na wanapita nje ya mwamba, bahari wazi. Mambo haya yote mawili nilikuwa nimeyasoma. Sikuyakutanisha.

Njiani nilikuwa profesa. Treni hadi Mombasa, matatu hadi Gede, tuktuk hadi Watamu, na kote huko nawafundisha watu bila kuombwa. Kwamba nyangumi wa nundu anafika mita 15 hivi, yaani matatu tatu zimepangwa foleni. Kwamba mtoto anazaliwa na mita nne na ushei, yaani matatu moja bila kondakta. Kwamba chini ya taya hadi kitovuni ana mistari mirefu, mifereji kabisa, "ukipitisha vidole utaihisi." Hiyo mistari iwekeni akilini, itatumika.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikula mahamri sita na mbaazi za nazi. Mhasibu, mtu wa Nyeri, ambaye maji marefu aliyowahi kuingia yalimfika magotini, akatoa vidonge vya kichefuchefu akagawa. Aliponifikia nikamrudishia mkono: "Hivyo vya watu wa bara, dada." Akanitazama. Akakirudisha kidonge changu kwenye pochi, taratibu, akafunga zipu. Kisha akafungua pakiti ya mabuyu akaanza kutafuna, na mabuyu hayo alitafuna safari nzima, nawaambia, mpaka midomo ikawa myekundu kama ya bi harusi.

Ndani ya mwamba palikuwa shwari. Nilisimama omo, mbele kabisa ya boti, mkono kiunoni, nikaomba nipigwe picha. Ile ndiyo picha nzuri ya mwisho. Tulipotoka kwenye mlango wa mwamba, wimbi la kwanza likanikalisha. La pili likaninyamazisha. Kama robo saa baadaye nilikuwa nimeshika ukingo wa boti kwa mikono miwili nikihesabu mahamri.

"Kulee!" nahodha akaita. Mbali, moshi mweupe wa maji ukapanda, ukapeperuka. Wenzangu wakapiga vigelegele. Nahodha akapunguza mwendo. "Hatumwendei. Akitaka atakuja mwenyewe." Akaziacha injini zikinguruma bila gia, tukatulia pale.

Tukatulia! Nani katulia? Boti ikiwa inakwenda angalau inalikata wimbi. Ikisimama inageuka ungo unaopepeta, na mimi ndiye chuya. Jua kali. Moshi wa injini unaturudia. Rasharasha za bahari zimeyeyusha yale mafuta ya kuzuia jua niliyojipaka kama chokaa, yote yameingia machoni, sioni ila ukungu wenye moto. Nimepiga magoti, kichwa kiko nje ya boti, hamri la kwanza linaomba ruhusa.

Ndipo wakaanza kupiga kelele. "Amezama! Anakuja huku! Yuko chini yetu!" Na juu ya kelele zote, sauti ya Mhasibu, simu mkononi: "Mpwani, upande wako! Mshike! Mshike!"

Watu wangu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Miaka saba ya nguru ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wangu mmoja. Nikakumbuka Wamexico wanavyopigapiga maji kumwita. Nikapigapiga. "Njoo mama," nikasema, kwa sauti ile ya kumwitia paka. "Njoo mama, njoo."

Akaja. Hilo halina ubishi, na hata Mhasibu analikubali. Nyuma yangu, upande wa pili wa boti, nikasikia pumzi, pfuuuu, kama tairi la lori... hapana, tafadhali, msianze. Manyunyu yakatuangukia na yakaja na harufu yake. Wanaosema nyangumi ni kiumbe mtukufu hawajapumuliwa. Ni ndoo ya dagaa iliyosahauliwa juani siku tatu. Lakini mimi kwa mantiki yangu nikasema, harufu hii ni ya karibu, kwa hiyo yuko hapa hapa. Nikashusha mkono.

Nikagusa.

Kitu cha baridi. Kigumu lakini kinabonyea kidogo. Kimeloa. Kikubwa.

"NIMEMSHIKA!"

Boti nzima ikanyamaza. Nilidhani ni heshima.

"Jamani, ngozi kama mpira!" nikapaza sauti. Nikapitisha vidole. Mistari! Mifereji mirefu, imepangika, sawasawa na nilivyowaambia pale Gede. "Mistari! Si niliwaambia ana mistari!" Mtu mmoja nyuma akakohoa. Sikujali. Nikakilaza kiganja chote, na hapo ndipo nikahisi kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka nauma mto: kulikuwa na mtetemo. Mdogo, wa kasi, haukatiki.

Nikashusha sauti. "Nasikia moyo wake."

Kimya.

"Unadunda haraka haraka. Anaogopa." Machozi yananitoka, nusu mafuta ya jua, nusu ya kweli, wallahi ya kweli. "Usiogope mama. Sisi ni watu wazuri." Na nikainama, nikamwekea shavu. Shavu! Wewe uliyeandika mdomo, Mungu anakuona. Wimbi likaja likatupiga sote wawili, mimi na yeye, nikazidi kumkumbatia.

Mkono ukanigusa begani. Mkono mkavu, wa kiutu uzima, wenye adabu.

"Mwanangu," nahodha akasema.

"Naam mzee."

"Achia tairi."

Kwa msiojua: boti huning'iniziwa matairi mabovu ubavuni ili zisikwaruzane na gati. Siku ile moja hawakulipandisha. Ule moyo uliokuwa unadunda kwa hofu ni injini.

Nikageuka ili nijieleze. Nilikuwa na maelezo, msidhani sikuwa nayo. Nilikuwa nishafungua mdomo. Lakini mahamri yalikuwa yamesubiri zaidi ya subira ya kawaida, na yakachukua nafasi yangu ya kuzungumza. Mtoto wa Mombasa, anayeijua kusi, nilikuwa nimeielekezea kusi uso. Kila nilichotoa kusi ikanirudishia, na cha jirani yangu ikampelekea jirani. Ndiyo maana video inakatika ghafla pale mwishoni. Si kwamba Mhasibu alinionea huruma. Mbaazi zilifika kwenye kamera.

Mengine ni mafupi. Nilipewa ndoo. Nikiwa ndani ya ndoo nikasikia watu sita wanapiga ukelele mmoja, kisha kishindo kama ghorofa limeanguka majini: nyangumi alikuwa ameruka mzima mzima, tumbo nje, mistari yote inaonekana. Kila mtu alimwona. Mvulana wa boti alimwona. Mimi nilichoona ni maandishi ya chini ya ndoo: Lita 20. Alipopiga mbizi alituonyesha mkia, ule ambao chini yake kila nyangumi ana alama zake peke yake kama za vidole vyetu, na picha ya mkia huo wameitundika ofisini. Pembeni, kwa chini, kuna mgongo wa mtu mwenye jaketi la kuokoa maisha la rangi ya machungwa. Msiulize.

Tulirudi, nikalala kwenye mkeka hadi magharibi, nikaambiwa nimeoga mara tatu. Kidonge nilikimeza usiku, kwenye kitanda kisichokwenda popote.

Kundi halikuvunjwa. Limebadilishwa jina tu, sasa linaitwa "Kwa Fundi wa Tairi", na mwenyekiti mpya ni Mhasibu, ambaye anapanga safari ya mwakani na amenitengea kazi ya kubeba ndoo. Jumapili alinitumia shilingi 50 kwa M-Pesa. Nikamuuliza za nini. Akajibu, "Pancha."

Nikajipa moyo kwamba habari itabaki ghorofa ya tatu. Jumatatu nikaingia kazini mapema kuliko wote, miwani ya jua usoni, natazama chini. Askari wa getini, mzee ambaye kwa miaka saba hajawahi kuniambia neno zaidi ya habari ya asubuhi, akafungua geti, akasimama wima, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Bosi, spea unayo?"