Ndama hana uroho, mwacheni anyonye

Kuna kitu kinanikera kwenye huu ufugaji wetu wa ng'ombe wawili watatu bandani, nacho ni ile haraka ya kumnyang'anya ndama. Maziwa yakiisha kwenye ndoo tu, ndoo inavutwa, ndama anasukumwa pembeni, kazi imeisha twende sokoni. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, sijisafishi hapa.

Mwaka jana nilikuwa na ndama jike wawili, wamepishana siku tano, nikawa nawanywesha kwa ndoo. Si unaijua ile ya kumfundisha, unamtia vidole viwili mdomoni, ulimi unakwaruza kama msasa, halafu unamshusha kichwa polepole mpaka pua iguse maziwa. Wakajua fasta, lita mbili zinaisha hujageuka. Shida ikawa baada ya hapo: mdomo umejaa povu, mkia unacheza, anatafuta cha kunyonya, mara sikio la mwenzake, mara pindo la koti langu, mara kamba, mwisho yule mkubwa akahamia kwenye kitovu cha mdogo. Kitovu kikavimba, kikatunga usaha, hela ya sindano ikanitoka. Mimi nikasema hawa wana njaa, nikaongeza maziwa, wapi! Masikio yakaendelea kunyonywa kama kawaida.

Ndo nikaanza kusoma mambo ya homoni za tumbo, yaani kemikali zinazobeba ujumbe mwilini, na kwa kweli nilijiona mjinga. Sisi tunachukulia tumbo kama gunia, unatia chakula kinasagika basi, kumbe kule ndani kuna mawasiliano muda wote. Mwaka 1902 kule London, wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, walikata neva za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi pale, na kongosho likamwaga majimaji yake vilevile, yaani utumbo ulituma ujumbe kupitia damu. Huo ujumbe wakauita sekretini, na neno homoni Starling akaja kulitumia 1905.

Sasa kuna nyingine inaitwa kolesistokinini, jina refu kuliko mkia wa ng'ombe, yenyewe ndo inabana kibofu cha nyongo, inaamsha kongosho litoe vimeng'enya vya kusaga chakula, halafu inaupa ubongo taarifa kwamba hapa tumeshiba. Mwaka 1993 de Passillé na wenzake walichapisha utafiti wa ndama waliopewa chuchu kavu ya mpira baada ya kunywa maziwa, na kwenye damu yao hiyo homoni pamoja na insulini zilipanda zaidi kuliko kwa wale waliokosa chuchu. Chuchu kavu jamani, haina hata tone! Kwa hiyo anayenyonya sikio la mwenzake sio mroho wala hajalaaniwa, mwili wake unadai ile kazi ya kunyonya, na ndoo haimpi.

Na dang'a je, yale maziwa ya kwanza ng'ombe akishazaa? Wengine mnaimwaga eti chafu, wengine mnachemsha mnakula nyumbani ndama akipewa kidogo tu. Ile sio kingamwili za kupigana na magonjwa peke yake, ndani yake kuna insulini na vichocheo vya ukuaji kwa wingi kuliko maziwa ya kawaida, na utumbo wa mtoto unavihitaji ukue. Tena mlango wa kingamwili kupita kwenye utumbo kuingia kwenye damu unafungwa ndani ya kama masaa 24 tangu azaliwe, ukichelewa ndo umechelewa.

Kinachonichekesha ni wazee wetu na wale ng'ombe wa kienyeji. Ndama anaanza kunyonya kidogo ili mama ashushe maziwa, mnakamua, halafu anarudishwa amalizie kwenye kiwele ambacho hakina kitu cha maana, anakipigapiga kwa kichwa mpaka achoke mwenyewe. Sisi wa ng'ombe wa kisasa tukasema huo ushamba, unapoteza muda.

Siku hizi nina ndoo yenye chuchu, na maziwa yakiisha siiondoi. Juzi jirani kapita akasimama hapo mlangoni, "Mama, hiyo ndoo si tupu? Unamnyonyesha upepo?" Nikamwambia ndio, ngoja dakika kumi. Hata hazikufika, ndama akaiachia mwenyewe, akajilamba pua, akaenda kulala kwenye majani makavu.