Rochester haikuangushwa na mawe

Kuna mwandishi anayesema mitambo ya kurusha mawe ndiyo iliyobomoa pembe ya mnara mkuu wa ngome ya Rochester, Uingereza, mwaka 1215. Sivyo. Kuta za mnara ule zina unene wa karibu mita 3.5 upande wa chini. Mawe yalizichubua tu. Watu wa Mfalme John wa Uingereza, aliyeizingira ngome hiyo iliyoshikwa na waasi, walichimba chini ya msingi wa pembe ya kusini-mashariki, wakiutegemeza kwa magogo kadiri walivyosonga mbele. Tarehe 25 Novemba mfalme akaagiza nguruwe 40 walionona, wale wasiofaa sana kuliwa (mwenye njaa angeshangaa!). Mafuta yao yakachochea moto, magogo yakateketea, pembe ikaporomoka.

Udhaifu wa mnara wa mraba ndio huo: pembe imechomoza, na ukiondoa udongo chini yake haina cha kuishika. Hata hivyo ngome haikutekwa palepale. Ndani ya mnara kuna ukuta mnene unaougawa katikati. Walinzi wakajibanza nyuma yake, wakila farasi wao, hadi njaa ikawatoa tarehe 30. Baadaye pembe hiyo ikajengwa upya kwa umbo la duara. Ndiyo maana leo minara mitatu ya pembeni ni ya mraba na mmoja ni wa mviringo.