Plasta haitoshi, hereni ivuliwe

Mwandishi, umesema refa wa ndondo, soka la mitaani, alimwonea kijana aliyefunika hereni kwa plasta. Hapana ndugu yangu, refa yuko sahihi kabisa. Sheria namba 4 ya soka inakataza pete, mikufu, hereni, hata bangili za mpira, na kufunika kwa plasta hakuruhusiwi. Mwaka 2004 mchezaji Paulo Diogo wa klabu ya Servette, kule Uswisi, alipanda uzio kushangilia bao. Pete ya ndoa ikanasa, akaruka chini, sehemu ya kidole ikabaki juu. Inaumiza hata kuandika. Na huyo alikuwa ligi kuu! Sisi wa viwanja vya vumbi mara nyingi hata sanduku la huduma ya kwanza hatuna. Makocha, wakagueni vijana kabla refa hajafika.