Nyumba ndogo ya mzazi na mtoto: ipi inaifaa Tanga?

Wanaotetea nyumba ndogo wana hoja nzito, na mkazi wa Tanga mwenye mtoto mmoja na kipato cha kubangaiza hana sababu ya kuipuuza. Nyumba ya meta za mraba 30 hula saruji kidogo na mabati machache, tena huisha, tofauti na ile ya vyumba vinne inayobaki msingi kwa miaka huku majani yakiota ndani na mwenyewe akiendelea kulipa kodi kwingine. Saruji si mzigo wa mfuko peke yake, kwa kuwa utengenezaji wake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Tatizo huanza pale ramani inapochukuliwa jinsi ilivyo kutoka Marekani, ambako kanuni ya mfano ya ujenzi ya mwaka 2018 inaihesabu nyumba kuwa ndogo ikiwa haizidi futi za mraba 400, yaani meta za mraba 37 hivi, na ambako kitanda hupandishwa juu karibu na paa ili kuokoa nafasi. Mtindo huo hautufai. Hewa ya moto hupanda, na mtoto aliyelazwa chini ya bati lililoshinda juani mwezi wa Januari atateremka usiku na mto wake kuja kulala sakafuni. Kwa kuwa Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, na jua la mchana hupita karibu utosini, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni, madirisha yatazamane ili upepo upite, na upenu utoke vya kutosha kuzikinga kuta na mvua za masika.

Kuhusu vifaa, siungani kikamilifu na wanaotaka turejee kwenye boriti za mikoko na makuti. Nyumba za namna hiyo zina ubaridi wa kupendeza, lakini mikoko ndiyo ngao ya fukwe zetu na huvunwa kwa kibali, na makuti huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, kazi ambayo mzazi aliye peke yake ataibeba mwenyewe. Naona afadhali tofali za kufungamana, yaani zinazoshikana moja kwa nyingine, za udongo na saruji kidogo, ambazo hazichomwi kwa kuni, mradi udongo upimwe kwanza, maana wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Paa nalo lifungwe gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya mvua: kwenye meta 30 za mraba, mvua ya milimita 40 huleta karibu lita 1,200.

Hoja ya wapinzani ninayoiona nzito zaidi inahusu faragha. Mtoto wa miaka minne hulala na mama yake bila shida, ila wa miaka kumi ni jambo jingine, na familia nyingi za hapa hufuata mafunzo ya Kiislamu yanayotaka watoto watenganishwe malazi wafikapo umri huo. Tena kuna bibi atakayekuja kutoka Pangani kukaa mwezi mzima, na kuna arusi na misiba. Baraza pana mbele na uani wenye kivuli nyuma hubeba sehemu kubwa ya mahitaji hayo, kwani kupika, kufua na kupokea wageni hufanyika huko. Pasipo nafasi ya uani, ningemshauri mzazi asijenge nyumba ya namna hii. Hata hivyo baraza halimpi kijana mlango wa kufunga. Kwa hiyo vyumba viwili vya kulala, hata vikiwa vyembamba, viwepo tangu mwanzo, na fundi aweke linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya mlango, mapema kwenye ukuta wa upande wa uani, chini yake ajaze tofali zilizoshikizwa kwa udongo mtupu bila saruji, ili siku chumba cha tatu kitakapohitajika mlango ufunguliwe bila kuutikisa ukuta.